Nukuu ya Nane

Walimwuliza idadi.
Si joto la tanuri, si rangi ya mkaa,
si mifupa imetoka bucha gani.
Makala mangapi, yamenukuliwa mara ngapi,
na ile fahirisi-h yake imefika wapi,
kwa kuwa uprofesa una kizingiti
na kizingiti hakirukwi kwa mdomo.

Mimi, Zablon Mukhwana, nilikuwa nje ya mlango
na koti langu lenye tundu la asidi mfukoni.
Nilimsikia Daktari Chepkurui akijibu polepole,
kama mtu anayetaja deni mbele ya wakwe:
"Makala thelathini na moja. Nukuu mia tisa na kitu."
Karatasi zikageuzwa. Mtu akakohoa.

Sasa nisikilizeni mimi, maana hawakuniita.
Katika hizo mia tisa, mia sita ni za makala moja
aliyoiandika kwa wiki tatu, umeme ukipotea ukirudi,
muhtasari wa kazi za watu wengine.
Siku hizo sikuosha hata chupa moja.
Dunia iliipenda.

Makala ya mifupa, miaka sita ya maisha yetu,
ina nukuu saba.
Tatu amejinukuu mwenyewe.
Moja inasema mifupa ilikuwa ya ngamia.
Ngamia! Hapa Njoro!

Ilikuwa ya ng'ombe, kutoka bucha ya Karuri.
Niliibeba kwa gunia, mbwa wa soko zima wakinisindikiza
hadi geti la chuo kama msafara wa gavana.
Niliichoma usiku, digrii mia nne na hamsini.
Hewa ikizidi, inatoka nyeupe, imekufa, haishiki kitu.
Hewa ikipungua, inabaki nyeusi na maji yananuka supu.
Tulitafuta kijivu.
Miaka sita tulitafuta kijivu,
majirani wakiandika barua kuhusu moshi.

Ndani ya mfupa, alinieleza siku moja
akichora kwenye kiganja cha glavu,
kuna vyumba. Floraidi ya maji inabisha hodi,
haidroksidi inafungasha virago, inaipisha,
kama wapangaji wa Kaptembwa mwisho wa mwezi.
Nilielewa. Nimewahi kufungasha.

Na meno yetu, nani asiyeyajua?
Kakamega, kwenye matanga ya mjomba, nilicheka mara moja tu,
mtu akaniuliza, "Wewe ni wa Nakuru?"
Kahawia, kama kikombe kisichosuguliwa.
Tunacheka na kiganja mdomoni.
Kwenye picha ya harusi yangu
bibi harusi anaonekana kama anapiga chafya.

Wakamwambia asubiri miaka miwili.
Fahirisi imepungukiwa.
Alirudi maabara, akavua viatu vya mkutano,
akauliza kama Karuri ametuwekea mifupa.

Jina langu limo kwenye ile makala,
mwisho kabisa, kwenye shukrani, chini ya wafadhili:
"Z. Mukwana."
H imeanguka njiani.
Labda ndiyo ile wanayomdai.

Nyumbani kwangu ndoo ina chujio la kijivu
tangu mjukuu wangu Nasambu ana miaka minne.
Wiki hii jino lake la mbele limeota, lile la kudumu.
Si jeupe lote. Pembeni kuna mstari mwembamba wa kahawia,
kwa kuwa tulichelewa.
Yeye hajali. Amemwonyesha fundi viatu,
amemwonyesha mwalimu, amemwonyesha mbuzi.

Mlangoni mwa jokofu la maabara
Daktari amebandika orodha ya zile saba,
na ya ngamia ameizungushia wino mwekundu.
Jana jioni, alipotoka kwenda kupokea simu,
nilichukua kalamu ya kuandikia chupa
nikaongeza chini, kwa mwandiko wangu mbaya:
8. Nasambu, mdomo wazi. Njoro.

Ameiona asubuhi. Hakusema kitu.
Ameirudishia tu jina langu ile herufi,
kwa penseli, kwenye nakala ya ukutani,
kisha akaniuliza tanuri imefika ngapi.
Mia tatu na tisini, nikamwambia.
Bado inapanda.